Kufumba na Kufumbua

Uyole, mwezi wa sita, alfajiri.
Ukungu umekalia magunia kama mwenye mali.
Koti la mtumba, kofia ya sufu hadi kwenye nyusi,
nimekunja uso kwa baridi
na kwa deni la mbolea.
Dalali wa Tunduma ananiita:
"Kaka, lumbesa hii shilingi ngapi?"
Namtajia. Sauti inamshtua.
"Ah, samahani dada," na mimi nacheka,
na hapo hapo anaanza kuomba nipunguze.

Jumamosi mdogo wangu Ambakisye,
anayesomea mambo ya ubongo huko mjini,
alinikalisha mbele ya kompyuta ya kuazima.
Nyuso zisizo na nywele, hereni wala kilemba,
zinakuja, zinapotea,
kufumba na kufumbua.
"Kushoto mwanamke, kulia mwanamume.
Usifikiri, Tupokigwe. Bonyeza."
Nikabonyeza.
Waliotabasamu niliwapeleka kushoto,
walionuna kulia,
kama ninavyochambua viazi vya mbegu
huku napiga soga.

Baadaye akanionyesha nilipokosea.
Mwanamke, ndita mbili katikati ya nyusi,
mdomo umefungwa kama gunia
lililopitiwa na shazia.
Nilimwita mwanamume.
"Ubongo una haraka," akasema Ambakisye,
"hasira na ndevu huzipika chungu kimoja.
Kuna kipande humo kinashtuka
kabla hujajua umeona nini."

Sikumsikiliza vizuri.
Ndita zile nazijua.
Ni za mama, siku wajomba walipopima shamba la Igoma
bila kumwita,
akaja akasimama mpakani na jembe,
hakusema neno.
Kijiji kizima kikasema: jikedume.
Ambakisye alikuwa mgongoni mwake, amelala.

Na Kiswahili hakikuuliza.
Amekasirika, nasema,
na ile *a* haina sketi wala suruali.
Amekataa. Amelia. Amerudi na jembe.
Ulimi unamwacha mtu awe mtu,
jicho ndilo lenye pupa.

Leo ukungu umeondoka saa nne.
Lori la Songea, dalali mgeni.
Nimekunja uso, safari hii kwa kusudi.
"Kaka, bei?"
Simjibu.
Namwonyesha kwa vidole,
vya kushoto na vya kulia,
vyote.