Kwenye Mizani ya Sufu

Katika takwimu zetu kule Montevideo
wafugaji elfu mbili na mia nne
walizaliwa siku moja:
Januari mosi, mwaka elfu moja mia tisa.
Tulicheka. Tukaandika: kosa la mtumiaji.
Bosi akanituma Tacuarembó nikawafundishe.

Ghala lina baridi ya Julai, linanuka kondoo.
Zulma Etcheverry amekata glavu yake vidole viwili,
kimoja cha kubonyezea, kimoja sijui cha nini.
Nikafungua kompyuta nianze somo.
"Kaa pale juu ya robota," akasema. "Mimi nina lori."

Nikakaa.

Dereva hajui mwenye kondoo alizaliwa lini.
Nani angejua? Lakini fomu yangu
haipokei kilo hata moja bila tarehe.
Basi mkono wake ukaenda wenyewe, moja, moja, elfu moja mia tisa,
jicho likibaki kwenye sindano ya mizani.

Na kile kisanduku nilichokitunga usiku wa manane,
Je, una uhakika?
nikajisifu kwa adabu yake:
alikifunga kabla sijamaliza kukisoma,
mimi niliyekiandika.

Kila uzito huuandika kwanza kwa penseli
katika daftari lililojaa madoa ya mate.
"Umeme ukikatika," akasema, "sufu haikatiki."

Siku ya pili nikauliza tumwongezee nini.
Alinitazama kama mtu aliyeletewa mbwa wa tatu.
"Msiongeze. Kitufe cha kufuta
kitoeni ubavuni mwa kitufe cha lori linalofuata.
Mwezi Mei nilifuta siku nzima ya Olivera.
Hakunisalimu mpaka Juni."

Kitanda nilikichonga mimi,
nikakipiga msasa, nikakipaka rangi.
Kunguni anawajua yeye, mmoja mmoja.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi,
akaenda kugombana na mtu wa dizeli
akaniachia kiti, bado kina joto.
Lori likaingia. Vidole vyangu vimekufa ganzi.
Jina, sawa. Kilo, sawa. Tarehe ya kuzaliwa?
Dereva akapiga honi. Nyuma yake mwingine, akapiga pia.
Nikatazama mlangoni, Zulma haonekani.

Moja. Moja. Elfu moja mia tisa.

Una uhakika?
Sikusoma.

Mfugaji wa elfu mbili, mia nne na mmoja
nimemzaa mimi.