Chanzo

Tulianza asubuhi, mimi na Lemiso,
kwenye daraja la Chiromo, mto ungali na adabu,
maji yakipita chini ya mikaratusi kama mgeni aliyevua viatu.
Kituo cha kwanza. Kipima uchachu: saba na nusu.
Lemiso akasema, "Huyu bado hajaingia mjini."

Cha pili, nyuma ya gereji:
mafuta yametandaza upinde wa mvua pasipo mvua.
Cha tatu, mtoto wa shule alituuliza
kama tunatafuta maiti.
Hapana, tukasema, tunatafuta oksijeni.
Akatucheka, kisha akatuonyesha njia.

Cha nne nilikijua kabla sijakifikia.
Pua ilitangulia: manyoya yaliyolowa maji moto,
matumbo, majivu ya makaa,
harufu ya likizo zangu zote,
harufu ya noti ambazo mama huzikunjua moja moja
kwenye dirisha la benki, muhula baada ya muhula,
na karani akageuza uso kidogo.
Niliinama. Nikaijaza chupa. Mkono haukutetemeka.
Lemiso akaandika saa na nyuzi za joto.
Sikumwambia kwamba bomba lile la buluu
tulilifunga mimi na mjomba Kasyoka, nikiwa kidato cha pili,
na kwamba lilipopitisha damu mara ya kwanza bila kuvuja
tulipiga makofi.

Chupa hulazwa kabatini siku tano,
gizani, nyuzi ishirini, bila kuguswa.
Ndivyo kipimo kinavyotaka:
yafungie maji na njaa yake,
kisha rudi uhesabu pumzi iliyobaki.

Siku ya pili nilikwenda nyumbani, nikavaa aproni.
Kuku arobaini wa hoteli, kabla ya saa sita.
Nilimwambia. Sijui kwa nini nilichagua wakati ule,
mikono yake ikiwa ndani ya kuku.
Habari ya chupa, ya bakteria,
ya jedwali lenye safu iitwayo Chanzo cha Uchafuzi.
Alinyonyoa bawa zima kabla ya kujibu.
"Kwa hiyo mimi ni nambari nne."
"Si wewe, mama. Ni kituo."
"Na kituo kina jina la nani?"

Maji yakachemka. Mteja akaja, akataka firigisi za ziada.
Alipoondoka mama alisema bila kunitazama:
"Andika. Kama ni kweli, andika.
Lakini andika pia kwamba kila Jumatatu nalipia lori la taka,
risiti ninazo ndani ya kopo la Kimbo,
na lori lenyewe sijaliona tangu Pasaka.
Na uwaulize hao walimu wako,
damu ya kuku arobaini mtu huimwaga wapi?
Siulizi kwa ubaya. Nataka kujua."

Nilipekua madaftari ya miaka mitatu.
Mna mzunguko wa nitrojeni. Mna sheria, kifungu kwa kifungu.
Wapi, hamna.

Siku ya tano tulifungua kabati.
Chupa ya kwanza ilikuwa imebakiza sita.
Ya pili, nne. Ya tatu, moja na kitu.
Ya nne tulikuwa tumeizimua mara mia, na hata hivyo
sindano ililala kwenye sifuri kama mbwa juani.
Lemiso akapiga mluzi. "Nani huyu?"
Nikasema, tuandike.

Nikaandika. Machinjio madogo ya kuku, ukingo wa kushoto.
Nikaandika sifuri, na kando yake: imepita kipimo.
Na kwenye kisanduku cha Maoni, kipana kama stempu,
kwa herufi za kubanana nikaweka lori, risiti, Pasaka,
na lile swali, maneno yake mwenyewe, bila kuyanyoosha.

Daktari Nyaboke alirudisha ripoti Alhamisi.
Sabini na moja. Kazi safi ya maabara.
Ila swali la mama alilizungushia wino mwekundu, mara mbili,
na pembeni, kwa mwandiko wake wa kulala:
Nani kasema? Taja chanzo.