Jibu kwa Mhina

Mhina wa Chumbageni, barua imenifika,
Silinda i jiliwani, keekee yazunguka,
Zima, iweke mezani, hadi pumzi kushuka,
Tundu likishapanuka, halijazwi na majuto.

Nami nilichonga, ngoja, kichwa cha gari la moshi,
Nilipima mara moja, kumbe moja haitoshi,
Hadi leo kinavuja, kinakohoa, hakishi,
Tundu likishapanuka, halijazwi na majuto.

Paka shaba wino kwanza, chora kwa ncha ya sindano,
Gonga doa, ndipo anza, mili mbili, kisha tano,
Mashine ukiitunza, itakutunza mkono,
Tundu likishapanuka, halijazwi na majuto.

Hapa Tanga kuna chumvi, hadi ndani ya kabati,
Kutu imenipa mvi: tupa, koleo na nati,
Zilaze juu ya jamvi, kwa grisi, si kwa bahati,
Wewe ukishalala tu, kutu inashika zamu.

Boila pima kwa maji, kabla hujawasha moto,
Fukuza watazamaji, paka na kila mtoto,
Ikienda, nahitaji kiti na kahawa nzito,
Tundu likishapanuka, halijazwi na majuto.