Kina cha Mkwaruzo

Ndani ya kivuli lilikuwa jeusi tu,
jeusi la kiatu cha Jumapili.
Okwemba akasema, hili dogo, saa nane tumemaliza.
Nikamwambia tulisukume nje kwanza,
jua la Nakuru halijui kumsitiri mtu.

Tukalisukuma. Na pale juani, juu ya boneti,
utando wa buibui ukatandaa kulizunguka jua,
nyuzi elfu, zote duara, zote nyembamba,
na kila niliposogeza kichwa
buibui naye akanifuata.

Daktari Sigilai, tabibu wa ng'ombe,
alisimama na funguo kidoleni.
"Nilidhani ni uzee," akasema. "Wa gari, au wa macho yangu."
Si uzee, Daktari.
Ni kitambaa.

Sikumwambia kitambaa cha nani.

Tukafunika mipira ya madirisha kwa utepe wa karatasi.
Nikapima rangi kwa kile kidude nilichokopea chamani:
maikroni mia na kumi mlangoni, tisini na nane boneti,
themanini na mbili pale pembeni
ambapo mtu fulani alizoea kusugua kinyesi cha ndege kwa hasira.
Themanini na mbili. Unene wa unywele mmoja.

Watu hudhani mashine hufuta mkwaruzo.
Mkwaruzo haufutiki. Ni bonde.
Unachofanya ni kuushusha mlima,
taratibu, pande zote,
mpaka ulingane na bonde lake,
na kila unaposhusha unatumia kitu
ambacho kiwanda kilikiweka mara moja tu.

Dawa, matone manne, kila moja kama njegere.
Ipake kabla hujawasha, isije ikakurukia shati.
Kisha spidi ya nne, mkono mzito, mwendo wa kinyonga,
kulala, kusimama, kulala, kusimama,
kipande kisichozidi gazeti lililokunjwa.
Gusa kwa mgongo wa mkono. Ikichoma, pumzika.
Futa kwa spiriti, maana mafuta ya dawa hudanganya,
hujaza mabonde na kukupa sifa zisizo zako.

Stima ikapotea saa sita na robo.
Nusu ya boneti kioo, nusu utando,
na katikati mpaka ulionyooka kama wa shamba lenye kesi.
Okwemba akaagiza chai na mandazi.
Upande wa kioo nikaona mawingu ya Menengai
na mwanamume mwenye kitambi kinachoanza.
Upande wa pili sikuona uso. Niliona kazi:

miaka kumi na saba, mfereji wa Shabab,
ndoo moja kwa magari saba,
sabuni ya unga, fulana iliyokatwa mikono.
Ilipoanguka chini niliikung'uta gotini mara mbili
nikaendelea, duara, duara, kwa bidii,
kwa kuwa Daktari alikuwa akiongeza shilingi ishirini
akiona kijana ametoka jasho.
Kila Jumamosi, miaka mitatu.
Matope ya Molo, vumbi la Kaptembwa, na mimi.
Mvivu angelikwaruza kidogo.

Saa tisa stima ikarudi. Tukamaliza taa za barabarani zikiwaka.

Daktari akalizunguka, akainama mlangoni.
"Hata mvi zinahesabika," akasema, akalipa.
Nikamrudishia mia tano.
"Za nini?"
Za mteja wa zamani.
"Zamani gani? Mimi nimekuja leo."
Okwemba akanitazama. Nikajifanya nakunja waya.

Pale pembeni, kwenye themanini na mbili, niliacha nyuzi chache.
Rangi haikuwa na akiba ya kulipia.

Nikampa vitambaa viwili vipya, laini kama sikio la ndama.
Ndoo mbili, nikamwambia, moja ya sabuni, moja ya kusuuzia.
Na kikianguka chini, Daktari, kiweke kando.
Usikikung'ute gotini.

Akasita, mguu mmoja tayari ndani ya gari.