Shimo la Fundi Kombo

Nakodisha usingizi hapa Miritini.
Lori mia tatu, kichwa hamsini,
ndoo ya maji ishirini, yana chumvi kidogo, sikufichi.
Choo bure. Makelele ya reli bure.

Usiku ule yaliingia malori matatu
yaliyoshusha katani bandarini, yakirudi Mwatate matupu,
nyuzi bado zimenasa kwenye boriti
kama ndevu za mbuzi.
La kati lilipasuka gurudumu. Basi, tutalala, wakasema.

Nyuma ya lile la mwisho kulikuwa na mtu.
Alishuka kinyumenyume,
mguu ukipapasa hewa kabla ya kukanyaga,
kama ashukaye ngazi asiyoiona mwisho.
Magoti meupe kwa vumbi la mawe
ambalo sabuni imeshalikatia tamaa.
Naitwa Mghendi, akasema,
akalipa hamsini yake sawasawa.

Nikampa chumba cha tatu, chandarua, feni.
Robo saa haikupita, katoka na viatu mkononi.
Bi Zuena, bati hili linasema usiku kucha.
Nikamwambia alale uani, hewa ipo.
Akatazama juu, akatikisa kichwa:
Huko ni kupana mno.
Miaka tisa nalala chini, kwenye mgodi,
jua halifiki, mbu hawashuki.
Huna shimo?

Nimeulizwa mengi katika kazi hii.
Nimeulizwa bia, nimeulizwa wasichana,
nimeulizwa kama namjua mtu wa mizani ya Mariakani.
Shimo, hapana.

Na kumbe ninalo.
La Fundi Kombo, alikokuwa akisimama chini ya magari
kabla hajahamia Jomvu kwa mke mdogo.
Nikatoa makopo ya oili, nikatandika maboksi na mkeka.
Akashuka. Nikamsikia akipumua
kama mtu aliyevua kiatu kinachombana.

Saa nane nikaona ardhi inawaka.
Nikachukua rungu, nikaenda.
Mghendi kapiga magoti, tochi mdomoni,
mbele yake vijungu vya noti, kumi na kimoja.

Ulisoma hesabu?
Nilifika darasa la saba.
Basi shuka.

Nikashuka, na kanga yangu, na miaka yangu hamsini na nne.
Akanieleza: jiwe la kijani, dogo kuliko kunazi,
miezi saba ya kulitafuta.
Dalali wa mjini kaliweka kwenye kimizani chake,
kafunga jicho moja, kasema lina ufa.
Ufa gani? Ufa niliuona mimi kwanza, akasema,
lakini mchana kweupe, kwake, ulirefuka.
Laki mbili.
Nazigawa kumi na moja, zinakataa.

Tulihesabu mara tatu.
Elfu kumi na nane kila mmoja, zinabaki elfu mbili.
Nikamwuliza, mko kumi na moja?
Tuko kumi.
Akagusa kijungu cha pembeni kwa kidole kimoja.
Huyu ni Mwachofi. Udongo ulishuka mwezi wa tatu.
Mamake anaitwa Wakesho, atatia sahihi kwa dole gumba.

Nikasema, zile elfu mbili, nauli yako je,
chakula chako, hukuja kwa miguu.
Hakunijibu.
Akaziweka juu ya kijungu cha Mwachofi,
akazinyoosha pembe,
akasema, yeye ndiye aliyekuwa chini zaidi.

Asubuhi gurudumu limezibwa.
Akanawa uso, akalipa ishirini ya maji
kutoka mfuko wa shati, si kutoka kwenye furushi.
Akapanda lori tupu. Hakupunga.

Fundi Kombo kanipigia juzi, anataka kulifukia,
mtoto wa jirani asije akatumbukia.
Nimemwambia angoje.
Mchana, bati likianza kusema,
nashuka na mkeka wangu.
Kuna ubaridi huko sikuujua,
na harufu ya oili,
na juu yangu anga imekatwa mstatili,
inanitosha.
Sijalala bado. Nasikiliza kuta.
Nahesabu.

Natandika karibu na ngazi.