Kigae cha Tatu

Ntandu hakutaka chumba kinachotazama ziwa.
Aliomba mia mbili na saba.
Msichana wa mapokezi akasema, mzee, kile kinatazama jenereta,
kwa bei hiyohiyo nawapa cha mbele, mkaone heroe alfajiri.
Mia mbili na saba, akasema Ntandu,
akatoa noti kwenye bahasha ya kaki,
akazihesabu mara mbili kama anayelipa mahari.

Mimi nilikuwa nimevaa kitenge cha harusi ya mdogo wangu.
Nikanyamaza. Miaka thelathini na moja ya ndoa
imenifundisha pa kunyamazia.

Tulitoka kwanza kutembea.
Hapa kando ya Singidani, mnakumbuka, palikuwa na magugu na chupa,
malori yalioshwa hapa, yakaacha mafuta ya rangi saba juu ya maji,
na mbuzi wa watu walikuja kulamba chumvi.
Sasa kuna taa fupifupi zimejipanga kama gwaride,
mabenchi, wapiga picha,
bwana harusi anaambiwa acheke kidogo.
Ntandu hatazami maji. Anatazama chini.
"Haya matofali," ananiambia, "yamepangwa na mtu wa haraka."

Mezani tukaletewa orodha ya vyakula, ngumu kama jalada la Biblia.
Kuku wa kienyeji wa Singida, elfu thelathini na tano.
Nikacheka mpaka mhudumu akarudi.
Mwanangu, nikamwambia, huyu kuku nimewauzia mimi,
Jumanne, mlango wa nyuma, elfu kumi na sita,
na mpishi wenu akanikata elfu moja
eti ana miguu myembamba.
Kijana akainamisha kichwa, akaongeza kachumbari
bila kuiandika kwenye bili.

Kuku alikuwa mtamu, siwezi kusema uongo.
Mafuta ya alizeti,
kitunguu kilichokaangwa mpaka kikakubali.
Nilimla kama mgeni, kwa uma,
kisha kwa mkono.
Upepo ukaanza, ule wetu wenye chumvi na vumbi,
ukafunua vitambaa vya meza
kama mama mkwe anayekagua jiko.

Chumbani kitanda kilikuwa kipana kama deni.
Taulo mbili zimekunjwa umbo la bata, wanatazamana;
nikaona haya kuwaachanisha.
Ndipo nikasikia bafuni: ngo, ngo, ngo.
Ntandu yuko magotini na suruali yake ya kanisani,
anagonga ukuta kwa kifundo cha kidole
kama daktari anayesikiliza kifua.
We mwanamume, tumelipa kulala au kukagua?
Hakujibu.
Akasema, lete tochi ya simu.

Chini ya sinki, kigae cha tatu toka mlangoni,
pale saruji nyeupe inapojaza ufa,
kuna alama ya kidole gumba.
Mistari yake yote ipo,
na katikati, kovu la mundu.

Likizo ile Njiku alimkorogea baba yake saruji.
Miaka kumi na mitano, vidole vyembamba.
Baba akamfokea: umeniharibia kazi!
Akasema angerudi kupalainisha kesho yake.
Hakurudi.
Njiku naye akaja kwenda Geita na vijana wenzake.
Simu yake mwanzoni iliita,
kisha ikawa haipatikani,
na yule mwanamke wa mtandao sauti yake tukaizoea
kama ya mkwe.

Tulikaa pale sakafuni, watu wazima wawili,
jenereta likinguruma dirishani.
Niliweka gumba langu juu ya gumba lake.
Halikuingia. Langu limenenepa kwa kunyonyoa.

Asubuhi tulikunywa supu. Heroe hatukwenda kuwaona.
Mapokezi wakatupa karatasi: je, umeridhika na usafi? Weka alama.
Ntandu akaomba kalamu,
akaandika kwa herufi kubwa za fundi,
zile anazoandikia vipimo ukutani:

207. BAFUNI. KIGAE CHA TATU CHINI YA SINKI.
MSIPAREKEBISHE.

Msichana akasoma, akauliza kama kina kasoro.
Mimi nikamuuliza
Jumanne wanataka kuku wangapi.