Fahali Akigeuza Mgongo

Saa nne usiku, Khayega. Mvua imeshaondoka
lakini bati bado linadondosha tone moja moja
kama mtu anayehesabu chenji asiyoiamini.
Simu iko asilimia kumi na tisa.
Watano dhidi ya watano:
mimi, Shivachi wa duka la mbolea,
na watatu tusiowajua sura,
majina tu yanayoelea juu ya vichwa,
Radi Nyekundu, Babu Chai,
na mmoja aliyejiita Kaptura.

Kaptura akasimama mlangoni mwa ngome
vita vikiwa vimekolea, kimya, kama mgomba.
Wakampiga. Hakujibu. Wakampiga tena.
Ngome ikaenda, raundi ikaenda,
nami nikafungua maiki
nikamwaga.

Sitayaandika hapa niliyoyasema.
Nilianza na akili yake,
nikapitia kabila nisilolijua,
nikaishia kwa mama yake.
Mimi huyu, ambaye mchana
nikinunua nyanya za thelathini kwa Mama Imali
nainama kidogo,
napokea chenji kwa mikono miwili.

Mikono ni hiyo hiyo.

Kisha sauti ikaja, nyembamba,
sauti ambayo bado haijavunjika:
"Pole wakubwa. Stima ilipotea huku.
Nimerudi na data ya mama.
Mama yuko hapa.
Amesikia."

Shivachi akakohoa. Babu Chai akaanza kuandika,
akafuta, akaanza tena, akaacha.
Mimi nilitafuta kitufe.
Mchezo huu una vitufe vya kila kitu:
cha kucheka, cha kukata viuno juu ya maiti,
cha kumrushia mtu nyanya mbovu,
cha kununua kofia ya dhahabu.
Cha kuomba radhi hawakukiweka.

Basi nikasema kwa mdomo, "Samahani,"
na mtandao, ambao matusi yote uliyapitisha
bila kumeza hata herufi,
neno hili ukalitafuna:
"Sa... sa..."

"Poa," mtoto akajibu.
Akatoka.

Jumamosi alfajiri nilikwenda Malinya
kuona fahali wa mjomba Muhanji.
Isukuti zinalia, umande hadi magotini,
vijana wamepaka matope usoni.
Pembe kwa pembe, dakika saba.
Kisha wetu akageuza mgongo
akakata mbio kuelekea mahindi ya watu.
Kelele zilipanda, ndiyo. Wengine walicheka.
Lakini yule wa Iguhu, mwenye fahali aliyeshinda,
alimvuta wake kwa kamba,
akamwacha mshindwa aende,
akaja kumpa mjomba mkono wenye tope:
"Wako amesukuma."
Hakuongeza neno.
Mjomba akaitikia kwa kichwa, akaenda kulipa mahindi.

Nilisimama pale na simu mfukoni
ikiwa nzito kuliko siku zote.

Siku hizi kabla ya raundi ya kwanza naandika:
stima ikikupotea, tutakungoja.
Shivachi anasema nimeokoka.
Radi Nyekundu ananiita mchungaji, anataka sadaka.
Na bado tunashindwa, tena vibaya,
na kuna usiku ulimi unawasha kama umelamba pilipili,
nazima maiki, namtukana mto wa kitanda.
Mto umevumilia mengi.

Jina la Kaptura lingali kwenye orodha yangu,
la kijivu, miezi miwili sasa.
Jana, mvua ikipiga, likawaka kijani.
Sikujua nani ameshika simu,
yeye, au mwenye data.
Nilikuwa nachagua neno lisilokatika katikati.
Nilikuwa nimefika
"Shikamoo, ma"
likazima.